Betri Kwenye Tope la Ndiva

Mjukuu wangu Elihuruma,

Marahaba. Najua unacheka ukiniamkia, maana tumepishana miaka michache tu, lakini mimi ni dada wa babu yako na shikamoo yangu naidai. Huku Gonja tu wazima, na tangawizi imestawi.

Unauliza kwa nini babu yako hatupi betri mbovu za drili, bali anazipeleka Same mjini kwa wanaozikusanya. Nilikuwa kidato cha tano, nimekuja likizo. Ilikuwa siku ya msaragambo, kijiji kizima tunazoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Baada ya kazi watu walikuwa wamchague babu yako kusimamia maji, nafasi aliyoitamani kwa miaka mingi.

Majembe yakaibua betri za drili zilizopasuka. Nikaeleza kwamba ni za nikeli na kadmiamu, na kadmiamu ni sumu inayobaki ardhini na kupanda hadi kwenye mboga.

“Ni watoto hao,” akasema mzee mmoja. “Wachapwe.”

“Watoto gani wenye drili?” babu yako akajibu. “Ni zangu. Nilizitupa kando ya mfereji, mvua ikazileta.”

Wakamchagua mwingine. Yeye akaendelea kuzoa tope.

Siku hizi anatumia za lithiamu. Hazina kadmiamu, ila zikipondwa huweza kuwaka moto, kwa hiyo nazo hazitupi ovyo. Hayo utafundishwa huko chuoni Morogoro. Mimi nakuambia tu kwamba jioni ile nilitembea sambamba naye njia nzima, nikitaka kila tuliyekutana naye ajue kuwa huyu ni kaka yangu.

Bibi yako,
Nakijwa