Daraja Tulilolichagua Asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo mgahawani, kama wateja watakupa nafasi ya kusoma. Hujambo wewe? Goti linasemaje? Wanangu wazima? Mimi sijambo kiasi, ila usingizi umenikimbia. Wenzangu wametoka kwenda kula, nami nimebaki ofisini nikuandikie.

Ni habari za daraja. Unajua kamati yetu ilivyokuwa ikivutana: lile kuukuu litiwe viraka, libomolewe lijengwe upya palepale, au tujenge jingine huko juu mtoni, mbali na chumvi ya bahari. Mwenyekiti wetu, yule tunayemwita Bwana Tutaona, alitaka viraka, maana haviudhi mtu. Kujenga palepale kungefunga barabara kuu kwa miaka, hilo likatupwa mapema. Mimi ndiye niliyeshuka kwa mashua kukagua nguzo. Niligonga zege kwa nyundo, likamomonyoka kama biskuti iliyolowa chai. Nondo za ndani zimeliwa na kutu mpaka zinatia huruma. Dada, niliogopa. Juu ya kichwa changu mabasi yalikuwa yanapita, yamejaa watu.

Sasa ule mkutano wa wananchi. Nilikuona ukiingia na lile gauni lako la kuendea harusi za watu, nikajua leo kuna kazi. Ukasimama katikati ya watu. Ukaeleza kwamba malori yanayopanga foleni kusubiri zamu ya kuvuka ndiyo yanayokulisha, ndiyo yaliyowasomesha wanao na mdogo wako mmoja, ambaye hukumtaja. Ukasema barabara ikihamia juu mtoni, utabaki kuwapikia kunguru chai. Watu wakacheka, wakakupigia makofi. Ukaniita Mheshimiwa Mhandisi, na mimi, sina haya, nikakujibu kwamba tumekusikia, mama. Ukanikonyeza. Nikajifanya napekua makaratasi.

Najua ulivyonielewa. Ulidhani tunacheza mchezo mmoja: nakukana mbele za watu wasije wakasema napendelea ndugu, halafu kura naipiga upande wako. Mama yetu ameniambia ulivyonisifu ulipofika nyumbani, kwamba nina akili kama mchwa, nimekukazia macho kama sijawahi kula kwako.

Dada, haukuwa mchezo. Kamati ilikuwa imeshapiga kura asubuhi ileile. Daraja linakwenda juu mtoni. Wajumbe waligawanyika sawasawa, na kura iliyoamua ilikuwa yangu. Mkutano wenu ulikuwa wa kutimiza utaratibu tu, nasi tukakaa pale mbele tukitikisa vichwa.

Kura yenyewe siijutii. Hata leo ningeipiga vilevile, maana siwezi kukaa nikingoja basi litumbukie. Kinachoniuma ni kukuacha usimame, ujieleze, uwachekeshe watu, na huku najua. Simu nilikuwa nayo mfukoni. Niliogopa kuisikia sauti yako. Nisamehe, dada yangu, na kama sasa huwezi, nitangoja.

Nibusie watoto, na umwambie mama Jumamosi nitakuja. Nitakaa hapo jikoni unitukane mpaka uchoke, nastahili. Lakini hili lisingoje Jumamosi. Nasikia kwamba, kwa kuwa mdogo wako yumo kwenye kamati, umechimba msingi wa kuongeza chumba cha pili mgahawani. Tafadhali, fundi akija kesho, mrudishe.

Ni mimi mdogo wako,
Kimbaumbau