Mguu wa Kuku Nilioufuta

Mama,

Nimefuta mguu wa kuku wako. Naanza na hilo kwa sababu nikizunguka sitalisema.

Ni kile kitambaa cha meza cha harusi ya Zuhura, ulichokiacha umekichora nusu. Arobaini yako ilipopita, Zuhura mdogo wangu aliniletea, akasema, "Dada, si wewe ndio umesomea kuchora? Maliza, mimi nishone." Nikaona mguu wa kuku ni mfupi mno, tena umejikunja pasipo kiungo. Chuoni kwetu, yule mwalimu Mzungu aliyebaki wenzake walipoondoka alitufundisha mifupa ya ndege mmoja mmoja, tukaipima kwa rula. Basi nikajitia mjuzi. Nikachukua raba, nikasahihisha.

Mguu wangu hauna kosa hata moja, na kuku mzima ameharibika.

Juzi nilikaa uani kwenye kigoda chako nikamwangalia yule kuku mweusi. Akaita vifaranga, akajishusha taratibu ili waingie chini yake, na hapo nikauona: mguu mfupi, umejikunja vile vile. Ile sehemu tupu uliyoiacha chini ya kuku wako ilikuwa ya vifaranga, Mama. Nilikimbilia penseli nikauchora nilivyouona. Ukatoka kama kijiti. Nikapima, ukarudi ule wa chuoni. Sielewi. Kama kuangalia kunatosha, mbona mimi nimeangalia na nimeshindwa? Na kama kujua ni kupima, wewe ulijuaje?

Ulikuwa ukiniambia, "Wewe penseli yako iko na haraka. Angalia kuku mpaka ikuchoke." Nikikuonyesha mstari wa katikati, ule wa kugawa mchoro sawasawa, unacheka: "Ati katikati? Kuku gani inakaa hivyo?" Nami nilikuonea huruma, nisikufiche. Miaka yote hiyo nilitazama kitambaa. Mkono wako ulivyokuwa ukienda, sikuutazama hata siku moja, na sasa naukumbuka vibaya.

Harusi ni Jumamosi. Zuhura ameshanunua nyuzi na hajajua lolote. Akirudi kutoka sokoni nitamwambia, na nitamwomba pale mguuni asishone kitu. Wakwe zake wa Gatitu wakiuliza, aseme ni mimi.

Mungu akutunze huko, Mama. Nakuahidi jambo moja tu, maana mengine siyajui: sitagusa tena mstari wa mtu kabla sijajua alikuwa akitazama nini.

Mwanao,
Halima