Betri Iliyosoma Mia

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa kuwa shahidi ni mtoto. Nyumbani na shuleni anaitwa Daftari.
Umri: miaka kumi na sita
Kazi: mwanafunzi, kidato cha tatu
Makazi: chumba cha mwisho, nyumba za wafanyakazi, nyuma ya zahanati
Yanahusu: kifo cha mgonjwa wa chumba namba mbili, na fundi wa sola aliyeko mahabusu

Maelezo haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Afande alianza yeye kuuliza na kuandika, lakini baada ya nusu saa karatasi yake ilikuwa na mistari miwili tu. Akanisogezea kalamu akasema, "Haya mwanangu, mdomo umegoma, tuone mkono." Mama yangu amekaa karibu nami.

Mama ni mfagiaji wa zahanati. Mimi husomea kwenye korido yake jioni kwa sababu kuna taa. Mwaka jana muuguzi aliniomba niwe naangalia mita ya betri za sola asubuhi na jioni na kuandika inachosoma, kwa kuwa betri zile zilikuwa zimechoka na alitaka kujua siku za kubana matumizi. Daftari lenye rekodi hizo nimelileta na nimemkabidhi afande.

Mnamo tarehe 8 mwezi huu, siku ya Jumatatu, saa tisa alasiri, fundi wa sola alileta betri mpya za lithiamu zilizotolewa na wafadhili. Alizifunga kwenye kabati la chuma ndani ya stoo. Nilitoka shule nikamkuta anamalizia. Alinipa kitabu cha maelekezo akasema, "Mimi kusoma kurasa zote hizi ni kifungo. Soma wewe, Alhamisi unihadithie." Nilikisoma chote usiku ule.

Kabla hajaondoka alinieleza jambo moja, na kitabu kilisema vivyo hivyo. Betri hutoka kiwandani ikiwa haijajaa. Mita mpya nayo, ikiunganishwa tu, huanza kuhesabu kutoka mia kwa mia, hata kama betri iko nusu. "Mita mpya ni kama mtoto wa chekechea," fundi alisema. "Mwulize ana miaka mingapi, atakwambia mia." Mpaka betri ijae kabisa kwa jua mara moja ndipo mita hujua mia ni kitu gani.

Fundi aliziacha betri za zamani ziendelee kuhudumia vyumba. Paneli nne za paa alizielekeza kwenye betri mpya zianze kushiba, nne akaziachia za zamani. Juu ya swichi kubwa ya kabati alibandika karatasi kwa gundi ya maji. Iliandikwa: ISIWASHWE MPAKA ALHAMISI. INAHITAJI SIKU MBILI ZA JUA. MITA BADO HAIJUI KITU. Akaenda kwenye kazi yake nyingine, akasema atarudi Alhamisi.

Jumanne tarehe 9, saa moja na nusu asubuhi, mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuja kukagua stoo. Siku hiyo ilikuwa ya hafla ya kuzindua betri. Mama alikuwa anapiga deki na mimi nilikuwa nasoma mita mpya. Ilisoma mia, volti 52.6. Niliandika zote mbili.

Mwenyekiti alizitazama betri za zamani akasema, "Haya makopo yanafanya nini humu? Wageni watapiga picha hapa." Aliwaita vijana wawili wa gari lake. Alipoona karatasi ya fundi akaniambia, "Binti, bandua hiyo takataka." Sikusogea. Mama akasema, "Bandua, mwanangu. Mkubwa amesema."

Nilibandua. Gundi ilikuwa imekauka pembeni, ikabidi nitumie kucha. Nilichukua muda mrefu na hakuna aliyenishika mkono kunilazimisha. Karatasi hiyo sikuitupa. Iko ndani ya daftari nililokabidhi, ukurasa wa mwisho.

Mwenyekiti alihamisha swichi kwenda upande wa betri mpya kwa mkono wake. Vijana walifungua za zamani, nane, wakazipakia garini. Nimeulizwa ziko wapi sasa. Sikuona zilikopelekwa, kwa hiyo siandiki.

Muuguzi alikuja akauliza, "Fundi amesema ziko tayari? Nina mzee kwenye mashine ya oksijeni." Mwenyekiti alimwonyesha kioo cha mita. "Soma mwenyewe, sista. Ngapi hiyo?" Muuguzi akasoma, "Mia." "Basi. Kuna mia na zaidi?" Muuguzi alirudi kwa mgonjwa wake. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, karatasi ya fundi mkononi.

Mzee wa chumba namba mbili alikuwa mpiga chapa mstaafu. Mapafu yalikuwa yanamsumbua na alikuwa na siku tatu kwenye mashine, lakini muuguzi alisema anaendelea vizuri na Ijumaa angeruhusiwa. Nilipita kumsalimia. "Shikamoo babu." "Marahaba. Daftari, leo umesoma kurasa ngapi, au ni zenyewe zimekusoma?" Nilicheka. Sikumwambia lolote kuhusu betri. Nilidhani ni kumtia hofu bure.

Hafla ilianza saa nne. Shule yetu ililetwa kupiga makofi. Umeme wote ulitoka zahanati: vipaza sauti vinne, majokofu mawili ya soda za wageni, feni sita za meza kuu na televisheni kubwa iliyoonyesha picha za betri. Mbingu ilikuwa na mawingu tangu asubuhi. Bango la hafla lilifungwa paani ili lionekane barabarani, likafunika paneli tatu. Liliandikwa UMEME USIOLALA. Mwenyekiti alikata utepe uliofungwa kwenye kabati, na picha zikapigwa. Kabati lilikuwa safi.

Saa tisa kamili alasiri nilitoroka mstari wa wanafunzi nikaenda stoo. Mita ilisoma 71, lakini volti zilikuwa 51.2. Nilikuwa nimesoma kitabu. Volti za betri za aina hii hukaa zimetulia muda mrefu, halafu huporomoka kwa mara moja. Volti 51.2 si za betri yenye sabini na moja. Ni za betri inayokaribia kwisha. Nilijua hivyo. Sikukisia.

Nilienda nyuma ya kiti cha mwenyekiti kwenye meza kuu. Nilisimama pale tangu mgeni wa tatu alipoanza hotuba mpaka alipomaliza. Nikachana karatasi ya daftari, nikaandika: Shikamoo mheshimiwa. Naomba majokofu na spika vizimwe. Betri haijajaa, mita inakosea. Kuna mgonjwa. Niliiweka karibu na chupa yake.

Aliisoma. Akampa mgeni aliyekuwa kando yake, wakacheka, si kwa ubaya. Akasema, "Huyu ni mtoto wa mfagiaji wetu. Anasoma mpaka vifungashio vya sabuni." Kisha akanigeukia. "Mita inasema ngapi?"

"Sabini na moja."

"Mashine ya wazungu inasema sabini na moja. Wewe unasema ngapi?"

Watu wa meza yote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Sijui."

Nimeandika neno hilo kama nilivyolisema. Nilikuwa najua.

Saa kumi na dakika arobaini jioni spika zilikatika katikati ya wimbo. Watu walidhani ni waya na wakapiga miluzi. Mimi nilikimbilia stoo. Betri ilikuwa imejizima yenyewe ili isiharibike, kama kitabu kinavyosema. Mita ilikuwa bado inasoma sitini na moja.

Muuguzi alimwekea mzee mtungi wa akiba. Mshale wa mtungi ulikuwa kwenye nyekundu. Alimpigia simu fundi, halafu akanituma niombe gari la mwenyekiti kumpeleka mzee hospitali ya wilaya. Mwenyekiti alikuwa ameondoka nalo kuwasindikiza wageni. Mtungi uliisha saa kumi na moja na dakika tano. Baada ya hapo muuguzi alimkalisha mzee wima na kumpepea kwa jalada la faili. Mama alimshika miguu. Mke wa mzee alikuwa anamwambia, "Pumua taratibu, mume wangu, pumua taratibu," kana kwamba mzee ndiye aliyekuwa na haraka. Alifariki saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Nilikuwa mlangoni.

Fundi alifika saa kumi na mbili na robo kwa pikipiki. Aliingia stoo moja kwa moja, akatazama swichi, akatazama ukuta palipokuwa na betri za zamani, akauliza, "Nani ameiwasha?" Mwenyekiti alikuwa amesharudi. Alisema mbele ya watu, "Huyu hapa. Ametufungia betri feki, ameua mzee wetu." Fundi akasema, "Niliacha maandishi, mheshimiwa." Mwenyekiti akauliza, "Maandishi yako wapi?" Fundi aligeuka kutazama swichi. Ilikuwa safi. Kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama chini. Askari walimchukua akiwa bado ameshika bisibisi. Leo ni siku ya tano.

Nimeulizwa kwa nini sikusema siku ile. Watu walikuwa wengi, na mama alikuwa amenishika bega. Mwenyekiti ndiye anayeandika kila mwaka majina ya wafanyakazi wa zahanati watakaobaki kazini.

Nimeulizwa pia kama betri zilikuwa feki. Hapana. Jumatano na Alhamisi kulikuwa na jua, na hakuna aliyegusa kitu kwa sababu stoo imefungwa kwa ushahidi. Ila paneli hazijui mambo ya ushahidi, na fundi alikuwa ameiacha njia yake ya kuchajia wazi. Leo asubuhi afande alipofungua stoo nami, tulikuta betri imejaa, volti 54.1. Taa za chumba namba mbili ziliwaka. Mita ilisoma mia, na safari hii ilikuwa kweli.

Hayo niliyoyaona, niliyoyasoma kwenye mita na niliyoyafanya kwa mikono yangu ndiyo maelezo yangu. Nimeyapitia na sina la kufuta.

Sahihi ya shahidi: (amesaini)

Maelezo ya afisa: Shahidi amenisomea maelezo haya kwa sauti ya chini mbele ya mama yake. Mama aliomba aya ya kubandua karatasi na ya swichi ziondolewe. Shahidi alikataa. Nilimpa mama kalamu asaini mahali pa mzazi. Akasema, "Afande, mimi nina watoto watatu na kazi moja," akairudisha kalamu mezani, akatoka nje. Shahidi aliuliza kama maelezo yanafaa bila sahihi ya mzazi. Nikamwambia nitaandika hivi nilivyoandika, na jalada litakwenda juu likiwa hivyo. Akaomba aonyeshwe mahabusu alimo fundi ni mlango upi.