Kutu ya Gari la Babu

Tarehe 4 Februari

Babu, shikamoo.

Kabla hujaendelea kusoma, tafuta kiti chenye mgongo imara: mjukuu wako ndiye fundi hodari kuliko wote waliowahi kushika spana. Injini zikisikia viatu vyangu mlangoni zinajiwasha zenyewe, kwa adabu. Mke wetu hajambo? Nyonga inamruhusu kufika jikoni? Mwambie mume wake kijana bado yupo, asikate tamaa na huyo mzee.

Sasa nisaidie, maana nimechanganyikiwa. Hapa karakana tunafufua magari ya zamani ya mashindano. Jana limeuzwa moja jekundu, pacha wa lile lako la bandani, kwa bei ya nyumba tatu zenye choo cha ndani. Na haliwaki. Bosi anasema yalitengenezwa machache, mengi yakapinduka yakaisha, na watoto waliobandika picha zake ukutani sasa ni wazee wenye hela. Mimi naona gari jipya likitoka tu dukani linashuka bei, na bovu linapanda huku limelala. Nani mgonjwa hapa?

Usiliuze kabla sijafika. Mwezi ujao nina likizo.

Mjukuu wako

Tarehe 19 Februari

Mume mwenzangu, marahaba.

Sisi tupo, ila mke wetu siku hizi anatembea kwa kushika ukuta. Daktari anataka nyonga ibadilishwe kabla mwaka haujaisha. Gharama yake aliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta habari za msiba.

Hizo bei hata mimi haziniingii akilini. Lile gari nililinunua nilipoacha mashindano, kwa bei ya baiskeli mbili, na mwenye timu akanishukuru kwa kumwondolea takataka. Kuku wakatagia humo. Miaka kumi baadaye mtu akatoa bei ya pikipiki. Bibi yako akasema uza, nikasema ngoja. Ikaja bei ya kiwanja, nikasema ngoja. Nilikuwa nangoja nini, sijui. Labda nilipenda tu kukaa kwenye usukani wake nikivuta tumbaku.

Sasa basi. Nimemwandikia mnunuzi, atafika Aprili. Njoo utulindie nyumba wakati nampeleka mke wetu kwenye vipimo.

Babu yako

Tarehe 28 Machi

Babu, shikamoo, na poleni na hospitali. Likizo iliniishia kabla hamjarudi.

Umeshaingia bandani? Kaa kwanza. Siku nne nzima sikuinua mgongo. Nimetoa mavi ya kuku, nimeng'arisha bodi mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Hata chini kusikoonwa na mtu nimefika. Kile chuma cha fremu kilikuwa kimejaa kutu na michoromichoro, kama daftari langu la darasa la nne. Nimekipiga tupa na msasa kikawa laini kama shavu la mke wetu, nikapaka rangi nyeusi. Mnunuzi akija mwambie aongeze nyumba ya nne.

Mjukuu wako, Fundi Mkuu

Tarehe 16 Aprili

Mjukuu wangu, hujambo?

Mnunuzi amekuja. Rangi hakuitazama. Alilala chini ya gari na tochi na kikaratasi chake, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Alipotoka aliniuliza, "Mzee, namba ya fremu iko wapi?"

Nikamwambia ipo, nimeiona kwa macho yangu miaka yote. Akasema bila namba iliyogongwa kiwandani hawezi kujua kama ndilo lenyewe au limeungwaungwa uani kwa mtu. Akatoa bei ya pikipiki. Haifiki hata robo ya nyonga. Bibi yako alimmiminia chai nyingine, kisha akashika ukuta akarudi jikoni.

Wewe ndiye fundi. Namba iliyogongwa kwenye chuma huenda wapi?

Babu yako

Tarehe 30 Mei

Mjukuu wangu, wiki sita kimya. Mnunuzi anangoja jibu. Ni kweli kutu hula namba? Nilikuwa nimeshamwambia hivyo, nikaona ananitazama kama mwongo. Bibi yako anasema pengine unaumwa, anakuombea.

Babu yako

Tarehe 4 Juni

Babu, shikamoo. Ukiona hii haifai kuitikiwa, iache ipite.

Siumwi. Mke wetu asiniombee, ajiombee nyonga yake. Nilimuuliza bosi kuhusu hiyo namba, nikasema ni ya gari la jirani. Akaniuliza huyo jirani amejifunza ufundi wapi, nikatazama viatu vyangu.

Mimi si fundi mkuu. Naosha magurudumu na kufagia, na spana nazishika wakati wa kuzipanga. Watu hapa hulipia hata mkwaruzo wa zamani, na mimi mwaka mzima nilidhani wanatania.

Kwa mnunuzi hukusema uongo wa makusudi, ila kutu usiisingizie tena. Kutu iliilinda ile namba miaka arobaini. Niliisoma kabla: herufi mbili, tarakimu nne. Nikadhani kuna mtu alikuwa anajaribia patasi yake.

Niliifuta mimi, Babu. Kwa mkono wangu, huku naimba.

Mjukuu wako