Kwa Mama Deborah, mwenye alileta watu tisa

Mwaka umetimia leo, Émérance Mukamugema, tangu kichwa kikuume asubuhi, shingo ikakauka, na siku ya tatu ukatuacha. Wakaita ile ugonjwa ya ubongo méningite. Ulikuwa na miaka makumi mbili na munane.

Mutaa yote ya Mabanga ilijua sauti yako. Ulikuwa reko, mutu wa kupita mulango kwa mulango kuambia wamama siku ya chanjo. Mama akikataa, haukugombana naye. Ulikaa chini, ukamusaidia kuchambua maharagi, mukaongea habari ya watoto, na maharagi yakiisha alikuwa amekwisha kubeba wake mugongoni. Vijana wa moto, wale wa kubeba watu na pikipiki kule Birere, walikutania, eti chanjo ni ya watoto, wao si bébé. Ukawajibu: "Bébé analia kidogo tu. Nyinyi ndio munakimbia."

Ilipofika chanjo ya ile méningite, bwana yako Ruffin alikuwa anauliza kila jioni: na wewe, watakuchanja lini? Ulisema mukubwa wa centre ya afya amewaahidia mbele ya wote, raia kwanza, reko siku ya mwisho. Ukamuamini. Wewe uliamini mutu akisema mbele ya watu.

Siku ya mwisho ulipeleka mukono wako. Infirmière, muuguzi mwenye kuchanja, akasema chupa moja ni ya watu kumi, ikifunguliwa hailale mupaka kesho. Hawezi kuifungua kwa mutu mumoja. Mwingine angerudi nyumbani na kinywa kimejaa malalamiko. Wewe ulishuka Birere kwa miguu, kwa jua lile, ukarudi na vijana tisa. Wewe wa kumi.

Wale tisa wakachanjwa. Ndipo mukubwa akaingia na mutoto wa dada yake, mwenye alitoka mbali, kule Kiwanja, akamupitisha mbele yako. "Wewe ni wa hapa, Mama Deborah. Utakuja Jumanne."

Jumanne ulienda, dawa ilikuwa imekwisha kurudishwa. Ulifika nyumbani ukamwambia Ruffin asikasirike, ule musichana naye ni mutoto wa mutu. Wiki tatu hazikuisha, ukalala na ile ugonjwa.

Kwa kilio chako mukubwa alileta maua, akasema umekufa kazini kama askari. Ruffin aliachia masomo darasa ya ine, lakini ile maneno aliisikia vizuri. Akamurudishia maua mukononi.

"Hakufia kazini," alisema. "Alifia kwenye mustari, na wewe ulisimama pale."

Mwezi uliopita chanjo imerudi. Majirani walizania Ruffin atafunga mulango. Amebeba mutoto wako Valentin, amemushikilia mwenyewe mupaka sindano ikatoka. Kisha hakurudi nyumbani. Akasimama pembeni ya meza tangu asubuhi mupaka mutu wa mwisho. Mukubwa akamuuliza kwa upole: "Papa Deborah, unangoja nani?"

"Singoji mutu. Ninaangalia nani anapita mbele ya nani."

Ile siku hakuna mwenye alipitishwa.

Wenye kukukumbuka: bwana yako Ruffin Niyitegeka, watoto wako Deborah na Valentin, mama yako Marie-Louise, mwenye hajakubali kuvua kitambaa cha kilio, dada yako Bénita, na jamaa yote ya Masisi na Goma.

Wewe hatutakusahau siku hata moja. Na ile ahadi walikupa, nayo hatuisahau.