Namba za Ratna kwenye Rozari

Buhembe, Ijumaa jioni, 1974

Sijamwambia mtu yeyote: ninapokaa kibanjani, chini ya migomba yetu, na rozari, sisali. Najifunza kuhesabu Kiindonesia. Ratna, rafiki yangu wa barua wa huko, aliniandikia namba moja hadi kumi, na kila fungu la rozari lina punje kumi.

Satu, dua, tiga zinakuja vizuri. Nikifika delapan na sembilan, nane na tisa, nazichanganya, kila siku! Tangu nikose nafasi ya sekondari, naogopa kichwa changu hakishiki tena kitu.

Leo Bibi alinikuta midomo ikienda. Akamwita Baba. “Njoo umwone Koku wako! Huyu ni wa kanisa.”

“Jumapili nampeleka kwa masista,” Baba akasema, kwa furaha ambayo sijaisikia tangu matokeo yatoke.

Nilitaka kusema. Nikatazama chini, na wao wakaona huo ndio unyenyekevu.

Sitaki usista. Lakini nikisema ukweli nitakuwa msichana aliyechezea rozari, na Baba...

Wewe utakayefungua daftari hili, tafadhali usimwambie mtu. Niache mimi mwenyewe nimwambie Baba, kesho, kabla hajapiga pasi suruali yake ya kanisani.