Kwa Mhariri wa Upupu, Aliyefariki Mara Mbili

Umetimia mwaka mmoja leo, mwanetu, tangu ututoke, na bado wako watu pale chuoni wanaongoja useme ulikuwa unatania.

Ulikuwa mhariri wa Upupu, gazeti la vichekesho la wanafunzi, kurasa nane ulizozikunja kwa mkono juu ya meza yetu ya kulia. Kila kichekesho ulimsomea mama yako kwanza, hata kabla hajavua viatu vya zamu. Akiguna, unafuta. Akicheka mpaka akashika mbavu, kinakwenda ukurasa wa mbele. Aliyefeli mtihani hukumcheka, wala mwenye viatu vilivyochanika. "Achekwe mwenye kiti kikubwa," ulikuwa ukisema. Nakala za kwanza uliwapa wafagizi na askari wa lango, maana hao ndio wanaojua siri za chuo.

Upupu lina desturi yake: toleo la kufunga mwaka humzika mhariri kwa tangazo la kifo la utani. Picha, mistari myeusi pembeni, majina ya wafiwa, kila kitu. Tangazo lako uliliandika mwenyewe, kwamba umefariki kwa usingizi mzito katika somo la takwimu. Tulicheka wote, Mungu atusamehe. Siku nne baadaye homa ikakuchukua kweli.

Baba yako alipopiga simu bwenini kuwapa wenzako habari, aliyepokea aliangua kicheko. "Mzee, hiyo tumeshaisoma bwana! Poleni sana na msiba!" Baba akakata. Akapiga tena, na tena. Hatuwalaumu vijana wale. Lakini mazishini walikuja wawili tu, na mmoja alisimama mlangoni muda wote, akichungulia huku na huku kama anayetafuta ulikojificha. Hilo bado linatuuma.

Sasa mhariri ni mdogo wako wa kike. Ijumaa hii linatoka toleo la kufunga mwaka, na zamu ya kuzikwa ni yake. Hatuna amani. Shangazi yako amemsihi, "Mwanangu, mwaka huu tu, iruke hiyo desturi." Akajibu, "Shangazi, nikiiruka ndipo nitakuwa nimekubali kwamba Upupu lilimuua kaka."

Mama yako simu ikilia anaiangalia kwanza, haipokei mpaka baba amwambie ni nani. Baba naye juzi alishona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia, akafumua, akarudia palepale. Wewe ungemkalisha mdogo wako chini, mkacheka, na neno lingekwisha. Sisi hatujui kucheka naye namna hiyo.

Hutasahaulika katika nyumba hii. Wanaokukumbuka ni baba yako fundi cherehani, mama yako muuguzi, shangazi yako, na mdogo wako mhariri, ambaye mpaka tunapeleka tangazo hili ni mzima wa afya. Tumempigia simu mara mbili.